Kemu za Andrews 26 kwenye Twin Cam 88, baada ya kula joto la Mtwara na mlima wa Newala

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asepe nalo. Kama una pikipiki ya Harley yenye injini ya Twin Cam 88, unaiendesha huku kusini kwetu na unachotaka ni kuvuta sio kukimbia, chukua kemu za kampuni ya Andrews namba 26 (kemu ni vile vyuma vinavyofungua valvu), badilisha na tenshena, yani vibana vya cheni za kemu, pamoja na beringi za ndani siku hiyohiyo, kompresheni (mgandamizo wa silinda) iache ilivyo, na hela uliyotaka kuongezea upate kemu kubwa kanunulie mafuta. Mwenye muda tukae tuongee, maana kuna mambo humu hayaandikwi kwenye boksi.

Pikipiki yenyewe ni Harley Softail ya 2003, ile injini ya 88B yenye balansa ndani, cc 1450, kabureta. Nilimchukulia jamaa aliyekuwa kwenye mambo ya gesi, mkataba ukaisha na kuisafirisha kwao akaona gharama. Mtwara hii ukitoa Boxer na TVS za bodaboda na zile za miradi zenye magurudumu marefu, chombo cha hivi ukikisimamisha karibu na Soko Kuu lazima mtu aulize inakula lita ngapi, na mwingine atakuuliza mbona mlio wake unasitasita, plagi mbovu? Hapana mjomba, ndivyo zilivyo, silinda mbili zimeachana digrii 45 kwaiyo haziwaki kwa kupishana sawasawa.

Sasa kemu. Kemu ndiyo inaamua valvu zifunguke lini, zipande kiasi gani na zifunge lini. Kwenye Twin Cam ziko mbili, moja ya silinda ya mbele na moja ya nyuma, na hazikai juu kwenye hedi, ziko chini ubavuni mwa injini, zinasukuma tapeti, tapeti inasukuma pushrodi, pushrodi inasukuma roka, roka ndo inafungua valvu. Ukishika karatasi la kemu utakuta namba za kutosha na macho ya kila mtu yanakimbilia lifti, yani valvu inapanda kiasi gani, kwasababu ni namba rahisi kuielewa na ikiwa kubwa inatia moyo. Mi nasema anza na namba nyingine kabisa, angalia valvu ya kuingiza inafunga digrii ngapi baada ya pistoni kufika chini. Hiyo ndo itakwambia pikipiki yako itakuwa na tabia gani barabarani. Pistoni ikianza kupanda na valvu bado iko wazi, mzunguko ukiwa mdogo, mchanganyiko wa hewa na petroli unarudishwa ulikotoka, unabaki unagandamiza kidogo, injini inakuwa nyonge chini. Mzunguko ukiwa mkubwa hewa inakuwa na kasi yake, inazidi kujaa hata pistoni ikiwa inapanda, na hapo kemu inayochelewa kufunga inakula faida yake. Kwaiyo kemu za farasi wengi karibu zote zinachelewa kufunga, na farasi wenyewe wanakuja juu huko mizunguko elfu tano na kitu kwa dakika.

Swali ni wewe elfu tano unafika wapi? Kutoka Mtwara mjini unashuka Mikindani, unapanda kilima, unatafuta Mingoyo, unakata kwenda Lindi au unaingia kushoto kwenda Mtama na Masasi, na njia nzima ni vijiji na vibao vya 50, na watu wa tochi wanajua miti yote yenye kivuli. Gia ya tano kwenye 80 hivi injini iko kwenye elfu mbili na kitu. Msimu wa korosho ukianza huko Oktoba ndo kabisa, malori yamejaa magunia yanatambaa, unakaa nyuma ya semi unavuta moshi unasubiri nafasi, nafasi ikitokea ni fupi, unahitaji kitu kivute hapohapo kutoka elfu mbili na mia tatu bila kucheza na gia. Hiyo ndo kazi ya pikipiki yangu, asilimia kubwa. Kemu ya kuamka elfu nne kwangu ni pambo.

Basi nikawa na majina kadhaa mezani. Andrews 21 ndo inapendwa na wenye madude mazito ya safari yenye mabegi pembeni, inavuta kutoka chini kabisa. Nilikaribia kuichukua. Kilichonirudisha nyuma ni kwamba inafunga mapema zaidi, na kufunga mapema maana yake mgandamizo halisi ndani ya silinda unapanda ukiwa mzunguko mdogo, sasa changanya na joto letu la Januari na injini inayopozwa na upepo tu, upo nyuma ya lori upepo wenyewe haupo, petroli ya kituo fulani porini haujui imekaa kwenye tangi tangu lini, unaanza kusikia kugonga. Ule mlio wa changarawe ndani ya kopo ukipanda mlima. Mwenye kuishi sehemu ya baridi 21 namruhusu kwa mikono miwili, mtu wa Mtwara afikirie.

Upande wa pili kulikuwa na Andrews 37 na S&S 510. Hizi ni kemu nzuri sana ila zinang'aa zaidi ukiwa umetanua injini kutoka inchi za ujazo 88 kuwa 95, yani silinda za 88 zenye tundu la milimita 95.25 unazichonga mpaka 98.4, strok (mwendo wa pistoni) ileile, unapata cc 1550 na pistoni za kupandisha kompresheni kidogo. Ni apgredi tamu na haina mambo mengi kwasababu silinda zilezile za kiwandani zinachongeka, lakini inabidi hedi zishuke, silinda zisafiri Dar kwa mtu mwenye mashine anayejua anachofanya, na pikipiki ilale. Ukiweka 37 kwenye 88 ya kawaida bila kugusa kitu kingine utapata pikipiki iliyolegea chini kuliko ulivyoanza, alafu utalaumu kemu. Na zile za lifti ya inchi 0.585 huko sijasogea kabisa, kwa hedi za miaka ya hizi 88 ni habari ya kubadilisha na springi za valvu. 510 jina lake ndo lifti yake, inchi 0.510, springi za kiwandani zinaiweza, kwaiyo kama mpango wako ni 95 baadae na unataka kununua kemu mara moja tu, hiyo iweke kwenye hesabu.

26 imekaa katikati. Inaingia bila kugusa hedi wala springi, inavuta mapema bila kugandamiza kwa fujo, na haidai kompresheni. Hiyo tu.

Ila niseme ukweli, sababu kubwa ya kufungua kile kifuniko sio kemu. Ni tenshena. Hizi Twin Cam za 1999 mpaka 2006, ukitoa Dyna (aina nyingine ya Harley) za 2006, kemu zake zinazungushwa na cheni mbili, moja ya nje inatoka kwenye krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kwenda kemu ya nyuma, nyingine ya ndani inaunganisha kemu mbili zenyewe, na kila cheni ina kiatu cha plastiki kinachosukumwa na springi kuibana isilegee. Springi haichoki kubana na cheni haichoki kukwangua, kwaiyo kiatu kinaliwa. Kikiisha, vumbi na vipande vya plastiki vinaenda kwenye oili, vinaingia kwenye oil pampu, na chuma kikianza kula chuma huko ndani ujue hesabu imebadilika sio ya kemu tena. Sio siri, dunia nzima inajua, ndo maana kuanzia Dyna za 2006 na zote za 2007 wakahamia tenshena za haidroliki, zinazosukumwa na presha ya oili, na cheni za rola. Mtu anayenunua 88 iliyotumika asiulize kwanza rangi, aulize tenshena zilibadilishwa lini, akijibiwa "hazina shida" ajue hazijawahi kuguswa.

Njia ziko tatu. Unaweza kurudishia viatu vipya vya springi, rahisi kuliko zote, na unajua utafungua tena siku nyingine kukagua. Unaweza kuhamia haidroliki, kuna seti nzima za Screamin' Eagle na za Feuling zenye sahani mpya (bamba linaloshikilia kemu) na oil pampu bora, bei yake inauma ila unalala usingizi, na hapo soma vizuri namba ya kemu unayoagiza kwasababu sahani na kemu lazima viendane. Ya tatu ni kutupa cheni kabisa uweke gia, S&S wanazo, hakuna tenshena tena maisha yako yote. Gia zinavutia. Lakini gia hazina msamaha kama cheni, krenki ikiwa inayumba tu zinapiga kelele na kulana, S&S wanataka myumbo usizidi inchi 0.003, milimita 0.076 hiyo, na kuipima unataka daili geji na mtu mwenye mkono uliotulia. Mi nilienda haidroliki. Gia nazipenda kwa macho.

Kingine cha kufanya ukiwa umefungua ni beringi za ndani zinazobeba kemu. Za kiwandani sindano zake (roli nyembamba za ndani) ni chache zimeachana, za kubadilishia zina sindano zimejaa kote. Ni vitu vidogo bei yake haifiki hata nusu ya kemu moja, ila kuzitoa unahitaji pula yake maalum, usikubali fundi aje na patasi pale. Watu wanaweka kemu mpya juu ya beringi za zamani sijui wanaokoa nini.

Fundi niliyempa kazi ana gereji ya bodaboda Chikongola, na wapo walionishangaa. Nilikuwa na sababu. Huyu mzee kabla ya Boxer alikuwa fundi wa Land Rover za zamani, na Land Rover zile kemu iko chini, pushrodi zinapanda juu, kitu kilekile. Fundi kijana wa bodaboda ni mwepesi wa mikono lakini amezoea kemu iko juu kwenye hedi, unafungua kifuniko unaiona. Mzee alipotoa kava akaangalia kimya, akasema "mjomba, hii mashine ya kizamani hii imevalishwa suti," nikajua tuko salama.

Shida ilikuwa spana. Pikipiki ya Marekani ni inchi, gereji zote hapa ni milimita, na kishawishi ni kikubwa maana spana 13 inaingia kwenye boliti ya nusu inchi vizuri tu ukiangalia kwa macho. Nusu inchi ni milimita 12.7. Ile 0.3 inayobaki ndo inakula kona za boliti, na boliti nyingine hapo zimeingia kwenye alminiamu. Ukiagiza kemu agiza na seti ya inchi, ya soketi, ya L na ya toksi, bila hivyo utamtesa fundi na utateseka wewe. Spana ya toki pia, ile inayopima nguvu ya kukaza, hiyo hakuna mjadala, boliti za sahani ya kemu sio za kukaza kwa hisia za bega.

Mambo mawili ya kiufundi niliyoyaona yanahitaji jicho. La kwanza oil pampu, inakaa nyuma ya sahani na lazima ikae katikati ya krenki, kwaiyo boliti zake unakaza taratibu huku injini inazungushwa ijitafutie mahali pake. Ukikaza kwa haraka inakaa upande na presha ya oili inakuwa ya mashaka. La pili pushrodi. Nilinunua zile za kurekebisha urefu, kwasababu hizo hulazimiki kufungua tangi na maboksi ya roka juu, za zamani unazikata unazitoa, mpya zinaingia kupitia mirija yake. Ukishazirefusha kwa kipimo cha karatasi lake tapeti inakuwa imejaa oili, imeshikilia valvu wazi, hapo usizungushe injini. Unasubiri. Oili inavuja polepole mpaka pushrodi inazunguka kwa vidole, ndo unaenda silinda nyingine. Kijana wa gereji alishaweka mkono kutaka kuzungusha, mzee akamzuia na neno moja ambalo siliandiki. Walikaa wakanywa chai. Valvu ikigongana na pistoni chai inakuwa ghali sana.

Kabureta nikaipandisha jeti ndogo kutoka 45 kwenda 48, hii ni ile Keihin ya CV inayojulikana sana na vitu vyake vinapatikana, skrubu ya mchanganyiko tukairekebisha barabarani kwa sikio na kwa kuangalia rangi ya plagi. Na hapa niwaonee huruma wenye injekshen, kemu ikibadilika kompyuta lazima ifundishwe upya, kuna vifaa vya kuchomeka ila mashine ya kupimia nguvu pikipiki ikiwa juu yake sijaiona huku, kwaiyo mtegemee ramani za mafuta za kupakua kwa ajili ya hiyo kompyuta alafu mzirekebishe kwa kujirekodi njiani. Inawezekana, ila ni kazi nyingine juu ya kazi.

Ekzosi nayo ina kauli. Mabomba yaliyonyooka wazi yanapiga kelele mpaka Shangani wanajua umerudi, lakini yanakuibia nguvu hapohapo katikati ambapo umetoka kununua kemu ya kuiongeza. Unatoa kwa mkono huu unarudisha kwa mkono huu. Mi natumia ya mbili kuingia moja, haina sifa kijiweni, inavuta. Na kama hata hewa na ekzosi haujagusa bado, anza na hivyo kwanza, filta ya hewa inayopumua, ekzosi na jeti, endesha msimu mzima, inawezekana ukaishia hapo na kemu usiihitaji kabisa.

Sasa barabarani. Kupanda kwenda Newala, yule anayeujua ule mlima wa kupanda juu uwanda wa Makonde anajua nachosema, zamani nikiwa na mama watoto nyuma na mzigo nilikuwa nashuka gia ya tatu mapema nakaa nayo. Sasa hivi nne inabeba na hainung'uniki. Njia ya Lindi kulipita lori ni kufungua mkono tu kwenye tano, inaondoka bila papara. Sio kwamba imekuwa pikipiki nyingine, mtu akikwambia kemu peke yake imemgeuzia pikipiki basi kuna kitu kingine alibadilisha hakukwambia. Ni kwamba nguvu imehamia pale ninapokaa. Juu huko elfu tano kwenda mbele haijaongeza kitu cha kusimulia na mi sikuitaka iongeze. Mtu wa kushindana barabara ya Mtwara kwenda uwanja wa ndege usiku hii sio kemu yako, kachukue 95 na kemu kubwa na bima.

Mafuta sioni tofauti ya kunifanya nikae kusubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA watangaze bei nikiwa na wasiwasi zaidi ya zamani. Joto liko vilevile, yani kali, mguu wa kulia unaungua kwenye foleni ya mizigo bandarini kama kawaida. Kugonga hakuna, hata na petroli ya njiani, na hiyo ndo ilikuwa hofu yangu kubwa. Mlio umebadilika kidogo, kuna titi-titi ya pushrodi asubuhi injini ikiwa ya baridi, inapungua oili ya 20W50 ikishapata moto. Anayetaka injini ya kimya kama ya kiwandani hili litamkera.

Kuhusu kuagiza: kemu yenyewe sio inayokumaliza, inayokumaliza ni vinavyoizunguka, gasketi za kava, oringi za mirija ya pushrodi, oringi ya pampu, beringi, tapeti mpya maana sio busara tapeti za zamani kuzitembeza juu ya kemu mpya. Agiza vyote kwa mpigo mmoja na uhesabu oringi za ziada. Sisi wa kusini kitu kikikosekana hakipo duka la pili, kiko Dar kikibahatika, na Dar yenyewe ni barabara moja, mnakumbuka kimbunga Hidaya cha Mei 2024 njia ilivyokatika kule Somanga, kilichokuwa Dar kilibaki Dar na pikipiki iliyofunguliwa ilibaki imefunguliwa. Wakala mmoja wa mizigo, jina lake nabaki nalo mwenyewe, aliniletea boksi langu gasketi hamna, akaniambia "zilikuwa karatasi tu bosi." Kagua mbele yake kabla haujasaini.

Kwa mwenye Twin Cam 96 au 103, yani 2007 kuja juu, namba hizi za juu usizifuate. Za Andrews za kwako zina herufi H mwishoni, 48H inasifika kwenye 103 kwa watu wenye matumizi ya namna yangu, tenshena zako tayari ni za haidroliki kwaiyo fungua ukague tu usitishike, na kemu zenu haziingii kwenye 88 ya kiwandani hata mkisukuma, ukitoa zile Dyna za 2006. Wale wa injini za Milwaukee-Eight za 2017 kuja mbele ndo kabisa mmerudishiwa kemu moja, na valvu nne kila silinda, vipuri vyenu ni ukurasa mwingine wa duka. Yeyote kati yenu akienda kuagiza ampe muuzaji namba ya chesi na mwaka, asipeleke picha ya pikipiki imeegeshwa ufukweni.